Bahasha Nene Zilikuwa Zake

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu nikitaraji kwamba kifua cha Baba kimetulia kidogo, kwamba bwana mkubwa wa stesheni ameshaliziba lile pengo la dirisha lako la tiketi linalokupulizia upepo shingoni, na kwamba wewe mwenyewe unakula, maana nakujua: ukiwa na wasiwasi unakunywa chai tu kutwa nzima halafu unasema umeshiba. Mimi mzima. Nina kikohozi, lakini huku tunayemshangaa ni yule asiye na kikohozi. Miguu yangu yote miwili ipo, na vidole vyake vyote, na kwa mtu aliyekaa handakini tangu mvua zianze hiyo ni habari ya kujivunia.

Barua zako mbili za mwisho nimezipata kwa pamoja. Katika zote mbili umeuliza habari za Kinyozi kabla hujauliza zangu. Sijakasirika. Nimeandika hivyo, nikatazama nilichoandika, nikaona ni uongo: nimekasirika. Lakini nitakujibu, na nitakujibu yote, ila nakuomba usiruke mpaka chini kama ulivyozoea. Ukianza na mwisho hutaelewa kwa nini nimekawia kuandika, na utanidhania vibaya kuliko ninavyostahili. Au pengine utanidhania sawasawa.

Barua hii haipiti posta ya jeshi. Posta ya jeshi hufunguliwa, na kuna afisa mmoja kazi yake ni kupaka wino mweusi juu ya maneno yetu. Hii nampa dereva wa gari la majeruhi, ambaye leo anateremka mpaka kwenu, na ameniapia kwamba atakukabidhi mkononi, hapo hapo dirishani. Kwa hiyo naandika kama tulivyokuwa tukiongea jikoni Baba akiwa amelala.

Sijawahi kukueleza vizuri nilivyokutana naye. Nilikuandikia tu kwamba nimepata rafiki, kinyozi, mcheshi. Ukweli ni kwamba siku yangu ya kwanza handakini, kabla sijajua hata pa kutua mkoba, mizinga ya wale wa upande wa pili ilianza. Nilijikunja chini kwenye matope, nikashika kichwa, nikalia kwa sauti kubwa. Sikumwita Mungu wala Baba. Nilikuita wewe. Walionizunguka wakatazama pembeni kwa aibu. Akaja mtu mrefu, kofia yake ya chuma imemkaa upande, akanishika kola, akaniketisha juu ya sanduku la risasi, akanivua kofia na kunifunga taulo shingoni. Nikajua nimeangukia mikononi mwa kichaa. Akatoa mkasi, akaniambia, "Nywele zako zimezidi. Ukitikisika nakata sikio, na masikio mimi sijui kushona."

Basi nikatulia. Ardhi inaruka, udongo unatumwagikia, watu wanapiga kelele, na mimi nimekaa wima kama mtoto anayenyolewa kwa ajili ya shule, nalinda masikio yangu. Alipomaliza, mizinga nayo ilikuwa imechoka. Akanipangusa shingo, akaniuliza kazi yangu nyumbani. Nikamwambia nilikuwa nauza viatu dukani. Akasema, "Haya, Kiatu, karibu," na mpaka leo hakuna mtu huku anayenijua kwa jina jingine.

Tangu siku ile nilimfanya wangu. Sina neno jingine la kusema. Tulilala kwenye shimo moja lililochimbwa ubavuni mwa handaki, mgongo kwa mgongo, maana ukilala peke yako baridi inakumaliza. Tulikula kopo moja. Tuliwindana chawa, yeye mashononi mwa shati langu na mimi mwa lake, huku akinisimulia wateja wake wa zamani: bwana mmoja mwenye kipara aliyekuja kila juma kunyolewa nywele ambazo hazipo, na jinsi alivyompigia mkasi hewani ili asimwaibishe. Wengine wote walimpenda pia, na hilo lilianza kunikera mapema. Sajenti akimwita kunyolewa, nilikuwa nahesabu kimoyomoyo nikisubiri arudi. Kulikuwa na mmoja tuliyemwita Kobe, mtu mnene mpole aliyekuwa mchukuzi wa sokoni, naye alikuwa akija kukaa na sisi jioni. Kinyozi akicheka mzaha wa Kobe, mimi nilikuwa natafuta mzaha mzuri zaidi. Unacheka? Cheka tu. Handaki ni jembamba, dada. Mtu hana chochote chake pale, hata soksi anaazima. Ukipata mtu mmoja unayeweza kumwita wako, unamshika kama unavyoshika ukuta gizani.

Yeye hakuwa akipata barua. Alilelewa na mjomba wake aliyekuwa na duka la kunyolea. Mjomba akafa, duka likauzwa, basi. Posta ikifika, wenzake wakiitwa, yeye alikuwa akijifanya ana kazi ya kunoa wembe. Nikamwonea huruma, nikaanza kumsomea barua zako. Wazo lilikuwa langu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, na huwa nalikumbuka hilo kila mara ninapotaka kumlaumu mtu.

Alikuwa akisikiliza amefumba macho. Unakumbuka ulivyoniandikia habari za yule mzee aliyekuja dirishani kwako akataka tiketi ya kwenda popote penye nauli nafuu, kwa sababu mama mkwe wake amekuja kukaa? Kinyozi alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniomba nimwachie mstari mmoja chini ya barua yangu, akakuandikia kwamba umwambie huyo mzee huku handakini nafasi zipo na nauli analipiwa na serikali. Wewe ukajibu kwamba mzee amefikishiwa ujumbe na amesema afadhali mama mkwe. Handaki letu zima lilikariri maneno yale. Nami nilitembea kifua mbele, kwa sababu nilikuwa ndiye mwenye dada.

Sijui mstari uligeuka lini kuwa ukurasa. Najua tu kwamba siku moja posta ilifika, jina lake likaitwa, na yeye hakuamini mpaka Sajenti akalirudia kwa matusi. Ilikuwa bahasha yenye mwandiko wako. Nilitabasamu, nikampiga bega, nikasema safi sana. Kisha nikaipokea ya kwangu nikaipima kiganjani, na nikaomba nione yake, nikaipima nayo. Yake ilikuwa nene. Ya kwangu ilikuwa na ukurasa mmoja, na nusu yake ni dawa za Baba.

Mwanzoni alinisomea baadhi. Baadaye akawa ananisomea vipande. Baadaye akawa anageukia ukuta, na mimi nayaona mabega yake tu yakicheka. Nikimuuliza unasemaje, ananijibu, "Anakusalimu sana." Dada, unajua neno lile lilivyonichoma? Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine kwamba dada anawasalimu. Sasa nilikuwa mmoja wa wale wanaosalimiwa.

Kobe akaanza kumwita shemeji yangu. Wengine wakadaka. "Kiatu, shemeji yako anakuita. Kiatu, mpelekee shemeji maji." Nilikuwa nacheka nao, na maji nikampelekea. Halafu ukaja ule mzigo wa nguo za baridi. Yeye ulimtumia skafu uliyoifuma kwa mkono wako, nami ukanitumia soksi za dukani. Zilikuwa soksi nzuri, sikatai. Mimi ni mtu wa viatu, najua soksi nzuri nikiiona. Lakini zilikuwa bado na karatasi ya dukani. Nikazivaa kwa hasira.

Kilichonimaliza ni picha. Hata sikuwa najua kwamba umepiga picha. Niliambiwa na Kobe, kwa wema wake wote, kwamba ameonyeshwa na Kinyozi picha ya dada yangu na kwamba kweli mimi na wewe tumefanana masikio. Nilinyanyuka nikamfuata Kinyozi alipokuwa akipanga magunia ya mchanga, nikamwambia mbele za watu kwamba yule ni dada yangu, si shangazi wa kambi nzima wa kuonyeshwa kila anayepita. Kwamba yeye Kinyozi ni mimi niliyemwingiza kwetu, na ninaweza kumtoa. Nikamwambia wewe unawahurumia watu wote hivyo hivyo, hata paka wa stesheni unampa maziwa, asijidhanie ni kitu maalumu.

Hakunijibu kwa hasira. Alitua gunia, akajipangusa mikono, akasema polepole, "Wewe, Kiatu, umekuwa na mtu wa kukuuliza kama umekula tangu ulipozaliwa. Mimi nimempata juzi. Usininyang'anye."

Nikanuna. Nilinuna kama nilivyokuwa nikinuna utotoni, unanijua, kununa kwa kazi. Nikahamia shimo la watu wengine kulala. Nikakataa kunyolewa, nywele zikaota mpaka chawa wakapata kijiji. Sajenti aliniuliza kama nimegombana na mke. Na usiku nikiwa naganda kwa baridi kati ya watu nisiowapenda, sikujua nani namwonea wivu zaidi: yeye kwa kukupata wewe, au wewe kwa kumpata yeye. Ninyi ndio watu wawili niliokuwa nao duniani ukimtoa Baba, nanyi mlikuwa mmekutana mlango wa nyuma mkanifungia nje.

Ndivyo tulivyokuwa ilipotoka amri ya kushambulia. Asubuhi ile Kinyozi alipita handakini na wembe wake na kopo la maji ya moto, akiwanyoa waliotaka kwenda wakiwa nadhifu. Aliponifikia hakuuliza. Alinigonga begani, nikakaa, akaninyoa. Nilikuwa nasikia pumzi yake tu. Kisha filimbi ikapigwa, tukapanda ngazi.

Sitakueleza yote, si kwa sababu ya afisa wa wino, ila kwa sababu sitaki yakae kichwani mwako pale dirishani. Ule uwanja ulio kati yetu na wao tulikuwa tumeutazama miezi kwa miezi kupitia tundu la gunia, na ulikuwa mdogo. Ungeweza kuuvuka ukienda kuazima chumvi. Siku ile haukwisha. Kobe alinasa kwenye seng'enge. Alikuwa akiita taratibu tu, kwa adabu, kama mtu anayeomba apishwe njiani, na hakuna aliyeweza kumfikia. Tuliuteka ukuta uliobomoka na kipande cha shamba la matope, tukakaa pale tukipigwa mpaka wakubwa walipoona hapafai, wakaturudisha. Tukarudi kwenye handaki lile lile, kwenye sanduku lile lile la risasi. Zaidi ya nusu yetu hawakurudi, na ramani ilikuwa vile vile.

Nilirudi kulala kwenye shimo letu bila kuomba, naye akanipisha. Lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alijaribu kumnyoa Sajenti akamkata, akaufunga wembe na hakuugusa tena. Alikuwa anakaa ameikalia mikono yake. Kitu kimoja tu kilikuwa kikiituliza: barua zako. Akizishika, vidole vinanyooka, anafungua karatasi vizuri bila kuichana. Mimi nilimshika mikono ile siku nyingi, nikamsugua kama nilivyokuwa nikisugua miguu ya wenzetu iliyovimba kwa maji ya handaki. Haikutulia kwangu. Ilitulia kwa karatasi yako. Hata katika hali ile, dada, na Kobe bado yuko kule kwenye seng'enge, mimi niliona wivu. Ninakueleza ili ujue mdogo wako ni mtu wa namna gani.

Naye alikuwa ameshanijua. Akipata barua yako hakuifungua tena mbele yangu. Alikuwa akitoka kwenda kusomea kwenye kona ya handaki, pale ukuta ulipokuwa umeporomoka kidogo na mwanga unaingia. Sikumfukuza. Hakuna aliyemfukuza. Alitoka kwa kunionea haya, ili asinikere.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mchana, mvua imekatika, hakuna shambulio, hakuna filimbi. Watu walikuwa wameanika makoti. Posta ilikuja na supu. Nikapata bahasha yangu, naye yake, nene, akaiweka kifuani, akaenda konani kwake. Nilikuwa nasoma habari za kifua cha Baba. Kombora likaja moja tu, peke yake, kama vile mtu wa upande wa pili alikuwa anasafisha mzinga akakosea. Lilianguka konani.

Nilipofika alikuwa amekaa, mgongo ukutani, kofia imeng'oka, uso wote matope. Mikono yake ilikuwa mizima na ilikuwa bado imeishika barua. Nikamwita, akageuza uso, akasema matope yamemwingia machoni na yanawasha sana. Nikamwambia nitamletea maji. Akanishika mkono. Akasema, "Wabeba machela watakuja na maji. Wewe nisomee hapa palipobaki. Nilikuwa ukurasa wa tatu."

Yale hayakuwa matope, dada. Nilikuwa nayaona vizuri. Yeye ndiye hakuwa anayaona.

Kwa miezi yote ile nilikuwa natamani kuzisoma barua zako kwake. Nilishawahi kuwaza kuiba moja. Na sasa nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji, damu yake inadondoka kwenye kona ya karatasi, nami namsomea mtu mwingine maneno ya mapenzi ya dada yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilisoma yote. Nilisoma pale ulipomwambia kwamba ukisikia treni ya jioni unajipaka mafuta mikononi kana kwamba yeye anashuka. Nilisoma pale ulipomwambia kwamba unalichukia dirisha lile, kwamba tangu vita vianze unawakatia vijana tiketi za kwenda tu na unajiona kama unawasukuma kwa mkono. Hukuwahi kuniambia hayo. Nilidhani unapenda kazi yako. Mimi huwa unaniandikia vichekesho vya wazee. Nikasoma habari za kile chumba mtaani kwetu, kando ya duka la baiskeli, ulichokiulizia kodi, kwamba kinatosha viti viwili vya kunyolea na kioo kirefu, na wewe utakaa mlangoni upokee wateja. Nilitafuta jina langu. Lilikuwa mara moja, karibu na mwisho: ulimwambia anisalimu.

Nikaendelea. Yeye alikuwa amefumba macho, anatabasamu, na alikuwa ananisahihisha niendapo haraka. Wabeba machela walipofika nilikuwa nimefika kwenye jina lako.

Sasa nifike kwenye ulichouliza.

Kikosi chetu kilitolewa mstari wa mbele kupumzika, tukaletwa mji huu mdogo ambako hospitali ya jeshi iko ndani ya shule ya msingi. Nilimkuta Kinyozi kwenye darasa la tatu, kitanda cha karibu na mlango, kichwa kimefungwa bendeji mpaka puani. Ubaoni bado kuna hesabu za kutoa. Daktari ameshaniambia, naye ameshaambiwa. Macho yamekwenda, yote mawili. Mengine yote ni mazima. Atakula, atatembea, ataishi mpaka azeeke. Hataona.

Alinisubiri nikae, akaniambia ana ombi moja, nami kwa jinsi tulivyoishi nisimkatalie. Niandike kwako kwamba amekufa. Nisitie chumvi, niseme kombora, mara moja, bila maumivu, kama wanavyoandika wao kwa kila mtu. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri. Alisema kinyozi kipofu ni kichekesho, hakuna mtu atakayempa koo lake. Alisema wewe una Baba wa kumshika mkono tayari, usiongezewe mwingine. Alisema ukijua kwamba yu hai utakuja, na ukija utakaa, na ukikaa hatajua kamwe kama umekaa kwa mapenzi au kwa huruma, na kwamba yeye anaweza kuvumilia giza lakini hilo hataweza. Wewe si mkewe wala ndugu yake, akasema. Jeshi halitakuandikia chochote. Kila kitu kiko kwangu.

Nikamwambia nitaandika. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni.

Hapa ndipo nilipokuomba usiparukie. Dada, nilifurahi. Sikuhuzunika, nilifurahi, furaha ya haraka na ya siri, kama ya mwizi aliyekuta mlango wazi. Ungelia, na ungenililia mimi. Ungeniandikia mimi kurasa tatu, nne, kwa kuwa ni mimi tu ningekuwa nimemjua. Na yeye pia angekuwa wangu, kwa sababu ningekuwa mtu pekee duniani, nje ya wodi ile, anayejua kwamba yu hai. Vita vikiisha ningemchukua, ningemtafutia chumba mji mwingine, ningemletea habari, ningemwambia ninayotaka. Ningekuwa nimewapata wote wawili, kila mmoja kivyake, na hakuna hata mmoja ambaye angenigeuzia mgongo akicheka na ukuta. Niliianza barua ile. Niliandika salamu, niliandika "nina habari ya kusikitisha," na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Jioni nikaenda kumtazama, kumwambia nimeanza. Ndevu zake zilikuwa zimeota vibaya chini ya bendeji na alikuwa anajikuna. Muuguzi hakuwa na nafasi. Nikasema nitamnyoa mimi. Akacheka, mara ya kwanza tangu alipoumia, akanifundisha: ngozi ivute, wembe uulaze, usiogope. Nikawa namnyoa, mkono wake juu ya mkono wangu akiuongoza. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Nilipofika kidevuni akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa, kama bado ninayo ile barua yako. Nikamwambia ninayo. Akaniomba nimsomee tena pale kwenye habari za chumba. Nikamsomea. Kisha akauliza mlango wa chumba unatazama barabara au uani, maana kama unatazama barabara vumbi litaharibu kioo.

Kesho yake akauliza tena. Na keshokutwa akauliza kama duka la baiskeli lina kelele. Kila nikienda ananiomba nisome pale pale, na kila nikimaliza ananikumbusha niandike kwamba amekufa.

Mtu aliyekufa haulizi mlango unatazama wapi. Nililijua hilo siku ya kwanza, lakini nilijizungusha siku kadhaa nikijifanya silijui, ndiyo maana barua zako mbili zimenikuta kimya. Ile niliyoianza nimeichana leo asubuhi.

Kwa hiyo nakujibu: yu hai. Ni kipofu, amepungua, ana maneno makali siku nyingine, na hajui kwamba ninakuandikia hivi. Panda treni mpaka stesheni ya mwisho ambayo raia wanaruhusiwa kufika, kisha waulize wabeba mizigo ilipo shule iliyogeuzwa hospitali. Mwambie muuguzi wa zamu wewe ni ndugu, wasikuzuie. Atakufukuza. Atasema nimekudanganya, atasema yeye si yule uliyekuwa ukimwandikia. Hayo ya huruma aliyoyasema nimekuandikia kama yalivyo ili uyapime mwenyewe kabla hujafunga mzigo. Kama ni huruma tu, baki nyumbani, nami nitamwambia ulishapata habari za msiba ukalia. Lakini mimi nimekisoma kile ulichomwandikia. Sidhani kama ni huruma.

Ukifika hutanikuta. Kesho alfajiri tunarudishwa mstari wa mbele. Nimemwachia mkasi wake umenolewa, na nimemwambia muuguzi asiruhusu mtu mwingine amnyoe vibaya.

Sitakudanganya kwamba moyo wangu umetakata. Naandika haya nikiwa na kijicho kile kile. Nawaona mkikaa ukingoni mwa kitanda kile, nami siko, na roho inaniuma kama jino. Labda itaacha. Kama haitaacha, nitaizoea, kama nilivyozoea matope.

Mpe Baba salamu zangu, mwambie avae fulana. Msalimie yule mama wa chumba cha pili anayetusikiliza ukutani, mwambie safari hii kuna la kusikia. Na wewe kula, kula chakula, si chai.

Dereva anapiga honi. Ni afadhali, maana nikiendelea kuandika nitaanza kukwambia usiende. Nenda, dada.

Ni mimi, mdogo wako.